Jinsi ya kutumia kitenzi cha Kiingereza *eschew* na visawe vyake

Ninahariri maandishi ya watu hapa Nairobi: barua za kuomba kazi, ripoti za vikundi, hotuba za harusi, miradi ya wanafunzi wa vyuo. Kati ya vitenzi vya Kiingereza vinavyonifikia vikiwa vimekaa vibaya, *eschew* hurudi kila mara. Mtu amekikuta kwenye tahariri ya gazeti, kikamvutia, akakipachika kwenye barua yake. Kisha anauliza yaleyale aliyouliza mwenzake kabla yake. Ni sawa na *avoid*? Kinafuatwa na *from*? Kinatamkwaje? Kinaweza kutumika kwa mtu?

Nayajibu hapa kwa mpangilio wa kazi, ili ukimaliza uwe na sentensi yako iliyosimama. La kushika tangu mwanzo ni hili: *eschew* ni kuacha kitu ambacho ungeweza kukifanya au kukitumia, ukakiacha kwa makusudi, aghalabu kwa sababu ya imani, msimamo au ladha yako. Kiswahili chake cha karibu ni kujiepusha na kitu. Penye kulazimishwa, neno hili halina kazi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Sentensi yako mwenyewe, iliyotoka kwenye barua au ripoti unayoiandika kweli. Ukijifunza neno hili bila sentensi, kesho litakuwa limekutoka.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikiwa wanafunzi, kama zile za Oxford, Cambridge au Longman. Hizi hutoa mifano na hukuonyesha kama neno ni la lugha rasmi. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili peke yake haitoshi kwa kazi hii, kwa sababu karibu visawe vyote vya hapa chini inaweza kukuandikia "epuka". Toleo kuukuu kutoka kwa wauza vitabu wa kando ya barabara mjini linafaa kabisa, maana neno hili halijabadilika. Asiye na uwezo wa kununua anaweza kusomea kwenye maktaba ya McMillan, Banda Street. Kamusi hizo pia zipo bure kwenye intaneti, zikiwa na sauti za matamshi.
- Karatasi na kalamu.
- Mtu wa kumsomea kwa sauti, akipatikana.

Hatua ya 1: Litamke na kuliandika sawasawa

Matamshi ya Uingereza ni "is-chuu", mkazo ukiwa mwishoni. Kamusi za Marekani huongeza "e-shuu", mkazo ukiwa hapohapo mwishoni. Chagua moja udumu nalo. Sisi tunaozungumza Kiswahili tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi huvuta neno liwe "ÉSH-u", na msikilizaji anabaki kujiuliza umesema nini. Sehemu ya mwisho inatamkwa na kuandikwa kama *chew*, kutafuna. Andika *es*, kisha *chew*, na tahajia yako iko salama.

Maumbo yake ni ya kawaida: *eschews, eschewed, eschewing*.

Tahadhari: *askew* ni neno jingine kabisa. Picha iliyoning'inia upande ukutani ndiyo iliyo *askew*.

Hatua ya 2: Uliza kama kulikuwa na hiari

Hii ndiyo hatua inayoamua yote, kwa hiyo usiipite mbio. Chukua mfano wa Nairobi Expressway, ile barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022. Fikiria watu wanne ambao asubuhi hii wote wako chini, kwenye Mombasa Road, barabara isiyolipiwa inayopita kando na chini yake.

Wa kwanza ni mwendesha bodaboda. Pikipiki haziruhusiwi kule juu. Huwezi kumwandikia *eschew*, kwa maana hakuwa na la kuchagua. Andika: "Motorcycles are not allowed on the Expressway."

Wa pili ana gari, lakini leo hana pesa ya kulipia. Huyu naye hakuchagua. "He cannot afford the toll."

Wa tatu amesikia redioni kwamba kuna msongamano kwenye njia ya kushukia Westlands, akaamua apite chini. Amechagua, lakini ni uamuzi wa leo tu, wa kukimbia usumbufu. Kesho huenda akapanda. "She avoided the Expressway this morning."

Wa nne pesa anazo na barabara iko wazi. Ila anaamini barabara ya umma haifai kulipiwa, na tangu ifunguliwe hajaikanyaga. Huyu ndiye wetu: "He eschews the Expressway on principle."

Sasa rudi kwenye sentensi yako uiulize maswali matatu. Mhusika angeweza kukifanya hicho kitu? Aliamua mwenyewe kutokifanya? Uamuzi huo ni wa msimamo au wa mazoea, au ulikuwa wa siku moja tu? Jibu la swali la kwanza au la pili likiwa hapana, futa *eschew*. Maswali mawili ya kwanza yakipita na la tatu likasita, tumia *avoid*. Utakutana na waandishi wazuri wanaotumia *eschew* kwa uamuzi wa mara moja, na si kosa. Anayeanza, hata hivyo, atakuwa salama zaidi akishika upande wa msimamo.

Jaribu hili ujipime. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017. Muuza duka wa soko la Gikomba asiyekufungia nguo kwenye mfuko wa aina hiyo hawezi kuandikiwa *eschew* kwa sababu hiyo tu. Anatii sheria, na kitenzi chake ni *comply*. Muuza duka aliyeiacha mifuko hiyo mwaka 2010, wakati kila jirani anaitoa bure, huyo aliamua.

Tahadhari: ajali, magonjwa, mvua na hasara havichaguliwi na mtu. "Drivers should eschew accidents" ni sentensi mbovu, hata kama umeisikia kwenye mkutano. Ajali huepukwa kwa *avoid* au huzuiwa kwa *prevent*. Kinachoweza kufuata *eschew* ni ile tabia inayoleta ajali.

Hatua ya 3: Weka nomino mara baada yake

Kitenzi hiki hubeba yambwa yake, yaani kile kinachotendewa, moja kwa moja. Hakuna kihusishi katikati, hakuna *to*.

Si sahihi: "The group eschews from politics."
Si sahihi: "The group eschews to discuss politics."
Sahihi: "The group eschews politics."

Kosa la *from* nalielewa linakotoka. Kwa Kiswahili tunajiepusha *na* kitu, na ile "na" hutafuta pa kukaa tukiingia kwenye Kiingereza. Tena jamaa wawili wa neno hili, *abstain* na *refrain*, kweli huandamana na *from*, wakazidi kulivuta huko. Kama mkono wako umezoea *from*, andika sentensi tano za *eschew* zisizo na neno hilo, kila moja na nomino yake, hadi mkono uzoee.

Umbo la kitenzi-jina lenye *-ing* linakubalika, kama katika "eschew using jargon", lakini ni zito bila faida. Karibu kila mara unaweza kulikata: "eschew jargon".

Kuna mpangilio mmoja ambao ningependa ujifunze mapema kwa sababu unafaa sana: *eschew* hiki *in favour of* kile. Unaonyesha kilichoachwa na kilichochaguliwa badala yake, na hapo hiari inaonekana wazi. "The couple eschewed a wedding committee in favour of a small family lunch." Mtu yeyote aliyewahi kuchangishwa na kamati ya harusi Nairobi ataona papo hapo uzito wa uamuzi huo.

Hatua ya 4: Tazama kinachoachwa

Vinavyokaa vizuri baada ya *eschew* ni mienendo, starehe, mitindo na desturi: *violence, luxury, publicity, jargon, meat, alcohol, tradition*. Watu hawakai vizuri. "She eschews her cousin" inasikika kama binamu huyo ni aina ya chakula. Kwa mtu, tumia *avoid* au *shun*.

Mtendaji si lazima awe mtu. Jengo, ripoti au shairi linaweza kufanya kazi hiyo: "The report eschews technical language." Mfano ninaoupenda ni wa ushairi wetu wenyewe. Kwa miaka mingi washairi wa Kiswahili wamebishana kuhusu mashairi huru, wengine wakisema bila vina na mizani hakuna shairi. Mshairi anayezijua arudhi zote na bado akaamua kuziweka kando unaweza kumwandikia hivi: "Her poems eschew rhyme and metre." Yule ambaye vina vimemshinda hana haki ya sentensi hiyo.

Hatua ya 5: Pitia visawe, chagua kinachobana

Kabla ya kushika kisawe cha Kiingereza, sema wazo lako kwa Kiswahili, na ulichague neno la Kiswahili kwa makini. Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili na kila moja lina mlango wake: kuepuka, kujiepusha, kuepusha, kujizuia, kujinyima, kukwepa, kutenga, kukana, kususia. Ukiwa na hakika ni lipi kati ya hayo unalotaka, Kiingereza chake hakitakusumbua sana.

*Avoid* ni kuepuka. Ndilo la jumla, linafaa kwa mtu, mahali, ajali, chakula, swali, na linakubali *-ing*: "avoid driving at night". Ukiwa na shaka yoyote, rudi hapa. Hakuna msomaji atakayekulaumu.

*Abstain from* na *refrain from* zote ni kujizuia, lakini si kitu kimoja. *Abstain* inahusu hamu ya mwili au haki ya kupiga kura. Mwislamu katika Ramadhani "abstains from food and drink from dawn to sunset". Hapa *eschew* ingekosea vibaya, maana hana ubaya na chakula. Jua likitua anafuturu. Katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, nchi isiyounga mkono wala kupinga huhesabiwa kuwa ime-*abstain*. *Refrain* ni ya kitendo kimoja kwa wakati mmoja, na ndiyo unayoiona kwenye matangazo: "Please refrain from smoking." Ukimeza jibu kali lililokuwa limefika midomoni, "you refrained from answering". Zote mbili zinadai *from*, na usiiache.

*Forgo* ni kujinyima: kuacha kitu unachokitaka au ambacho ni haki yako, kwa ajili ya jambo jingine. Wanachama wa sacco wanaokubali kukosa gawio ili wanunue ploti, "agreed to forgo their dividends". Ona tofauti. Anaye-*eschew* hakitaki kitu. Anaye-*forgo* anakitaka na bado anakiacha. Tofauti hii hupotea katika ripoti nyingi za vyama, na inapopotea, kujitoa kwa watu hao hakuonekani. Wakati uliopita, *forwent*, ni sahihi ingawa ni adimu. Ukiona unakwama, andika *gave up*. Usiandike *forego* yenye *e*, ambayo maana yake ya msingi ni kutangulia.

*Evade* ni kukwepa, na kuna harufu ya ujanja au hatia. Hapa lazima uwe mwangalifu kuliko kwingine kote, hasa kama unaomba kazi ya uhasibu. *Tax avoidance* katika lugha ya wahasibu ni kupunguza kodi kwa kutumia nafasi zilizomo ndani ya sheria. *Tax evasion* ni kuificha KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, mapato au kuidanganya, na ni kosa la jinai. Ukiandika kwenye barua kwamba uliwasaidia wateja "to evade tax", umejishtaki kwa herufi chache. Swali nalo huwa *evaded*, pale mwanasiasa anapojibu lingine asiloulizwa.

*Shun* ni kutenga au kujitenga na mtu, na ndani yake mna ubaridi na maumivu. "After the quarrel his neighbours shunned him." Magazeti yetu hulipenda kwenye vichwa vya habari kwa kuwa ni fupi, ndiyo maana utaliona pia kwa wapiga kura na mikutano. Katika maandishi yako, liweke mahali ambapo kuna mtu anayeachwa nje.

*Avert* ni kuepusha, yaani kuzuia balaa lililokuwa njiani: "The talks averted a strike." Kiambishi kimoja cha Kiswahili, kutoka epuka hadi epusha, kimekupa tofauti nzima kati ya *avoid* na *avert*. Dereva huepuka mgomo kwa kupita njia nyingine. Wapatanishi huuepusha usitokee.

*Renounce* ni kukana au kuvua rasmi kitu ulichokuwa nacho. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, lakini Ibara ya 78 kwa kawaida inamkataza afisa wa dola (*State officer*) kuwa nao. Kwa hiyo: "She renounced her second citizenship before taking office." Huwezi ku-*renounce* usichowahi kushika. *Eschew* haina sharti hilo. Mtu anaweza kujiepusha na pombe maisha yake yote bila kuionja. *Forswear* na *abjure* ni za kuapa kuacha, nazo ni za maandishi ya zamani zaidi. Zitambue ukizisoma, uziache hapo.

*Boycott* ni kususia: kuacha kwa pamoja, kwa malalamiko, ili mtu abadili mwenendo wake. Neno limetokana na jina la Charles Boycott, msimamizi wa mashamba huko Ireland ambaye mwaka 1880 wapangaji na majirani walikataa kumfanyia kazi au kufanya naye biashara. Kwetu, uchaguzi wa urais wa marudio wa tarehe 26 Oktoba 2017 ulisusiwa na upinzani: "The opposition boycotted the repeat election." *Eschewed* hapo ingefuta malalamiko yote na kuacha upendeleo mtupu.

*Bypass* na *circumvent* ni kuzunguka kizuizi. Ile ya kwanza mkazi wa Nairobi anaijua kwa barabara zetu nne za *bypass*, ya kusini, mashariki, kaskazini na magharibi. Ya pili mara nyingi ni ya kuizunguka sheria. *Dodge* ni ya mazungumzo, kama hepa ya mtaani. Usiiweke kwenye barua rasmi.

Hatua ya 6: Pima uzito wa lugha

*Eschew* ni neno rasmi. Katika ujumbe wa simu au mazungumzo ya kawaida ni kama kuvaa suti ya harusi kwenda kununua sukuma wiki. Mahali pake ni insha, ripoti, tahariri, uhakiki wa vitabu, hotuba iliyoandikwa.

Hata huko, jihadhari na msemo uliochakaa. Umesikia mara ngapi kiongozi akiwasihi wenzake "to eschew tribalism" au "to eschew divisive politics"? Sarufi ni sahihi. Lakini msemo huo umepita kwenye majukwaa mengi mno, na msikilizaji haoni tena ni tendo gani linaombwa. Kama wewe ndiye unayemwandikia kiongozi, mtajie tendo: kutotukana jamii nyingine jukwaani, kutogawa kazi kwa ukoo. Hotuba itakuwa na nguvu zaidi.

Wasomaji wengine watalisikia neno hili likiwa na mwangwi wa mimbari. Biblia ya Kiingereza ya King James ya 1611 inalitumia inapomtaja Ayubu, mstari wa kwanza kabisa wa kitabu chake, mahali ambapo Biblia yetu ya Kiswahili ya Union inasema alikuwa akiepukana na uovu. Kwa mahubiri, mwangwi huo unafaa. Kwa ripoti ya mauzo, pengine hapana.

Mara moja kwa waraka mzima inatosha.

Hatua ya 7: Jaribu kubadilisha, kisha soma kwa sauti

Andika sentensi yako mara mbili, moja na *eschew*, nyingine na *avoid*. Zisome kwa sauti. Kama hakuna maana iliyopotea katika ile ya *avoid*, hiyo ndiyo ya kuweka. Kama wazo la msimamo limepotea, rudisha *eschew* kwa moyo mmoja.

Hapa kuna mfano wa barua ya kuomba kazi, wa aina ninayokutana nayo sana: "I am a person who eschews from lateness and laziness." Ukiondoa *from*, sarufi inapona lakini sentensi bado ni dhaifu. Kuchelewa na uvivu si mambo ambayo mtu husifiwa kwa kuyaacha. Mwajiri anayachukulia kuwa ni ya lazima. Katika barua ya kazi, sema unachofanya: "I keep accounts for a savings group of thirty members and submit the report by the fifth of every month." Hakuna *eschew*, na hakuna anayeikosa.

Mfano ambapo neno linastahili kubaki, kutoka kwenye maelezo ya mradi: "The project eschews donor funding in favour of members' contributions." Kuna uwezo wa kupata fedha za wafadhili, kuna uamuzi, kuna msimamo, na kimetajwa kilichochaguliwa. Iache ilivyo.

Ukikwama

*Kompyuta inalipigia neno mstari mwekundu.* Kagua tahajia. Mara nyingi umeandika "eshew" au "eschue". Programu ikikupendekezea *askew*, usiikubali.

*Nataka nomino yake.* Ipo, *eschewal*, lakini ni adimu hata kwa wenyewe. Geuza sentensi urudi kwenye kitenzi, au tumia *avoidance*.

*Naweza kusema "Violence must be eschewed"?* Ndiyo, kauli ya kutendwa inakubalika. Shida ni kwamba haisemi nani aache. Ukimjua, mtaje.

*Nimeandika "He does not eschew violence" na sijui kama inaeleweka.* Inaeleweka, lakini kitenzi hiki tayari kina ukanushaji ndani yake, na ukikikanusha tena msomaji analazimika kuhesabu. Sema wazi: "He is willing to use violence." Kosa la hatari zaidi ni "eschew not to", ambalo halina maana yoyote. Likitokea, futa sentensi yote uanze upya kwa Kiswahili.

*Rafiki hapokei simu zangu. Nitumie lipi?* "He is avoiding me." Kama kundi zima limemgeuzia mtu mgongo, hapo ni *shun*.

*Jambo lenyewe ndilo linalonikwepa, kama jina nisilolikumbuka.* Hiyo ni *elude*: "Her name eludes me." Hapa hakuna hiari ya mtu hata kidogo.

*Mwalimu amesema neno hili ni la kale.* Ni rasmi, si la kale. Bado linaandikwa magazetini na vitabuni kila siku. *Abjure* ingestahili malalamiko hayo zaidi.

*Bosi wangu amelifuta na kuweka "avoid".* Rudi kwenye maswali matatu ya hatua ya 2. Kama sentensi yako inayapita yote, mwonyeshe ule msimamo uliotaka uonekane, na mwombe akurudishie. Kama haiyapiti, bosi wako yuko sahihi.

*Natafsiri kutoka Kiswahili na maandishi asilia yanasema tu "waliacha".* Neno hilo ni pana mno, na kamusi haitakusaidia kuamua. Soma aya iliyotangulia utafute sababu yao ya kuacha. Kama walinyimwa ruhusa, ni *were barred* au *were forbidden*. Kama walichoka, ni *gave up* au *stopped*. Kama walilalamika kwa pamoja, ni *boycotted*. Kama walikuwa na haja nacho wakakiachia wengine, ni *forwent* au *gave up*. Sababu ikiwa haimo kwenye maandishi na mwandishi unampata, mpigie simu umuulize kabla ya kuandika chochote.